Saa ya Mwalimu wa Fizikia

Mwalimu wao wa fizikia hakuwa mwanamke wa kucheka. Vidole vyake vilikauka kwa chaki, sauti yake ilikuwa ya chini, na kila jibu, zuri au bovu, alilipokea kwa neno moja: "Tena." Mwaka ule wa 1956 skuli haikuwa na saa ya kupimia mwendo, naye wiki nzima alikuwa akipanga jaribio lisiloihitaji. Wanafunzi watatu aliwagawia kazi: Kazija aachie gololi juu ya ubao ulioinamishwa, Sichana aandike, Wanu ahesabu mapigo ya mshipa. "Saa yetu hii hapa," alisema, akapandisha mkono wa gauni, akampa Wanu mkono wake.

Mapigo saba. "Tena." Manane. "Tena." Tisa. Sichana akanong'ona kwamba gololi imechoka. Wanu alimtazama mwalimu usoni. Uso mkavu vile vile, lakini mshipa ulikuwa ukidunda kama wa mtoto anayesubiri mwezi wa Idi uandame.

"Mwalimu, gololi haina kosa. Saa ndiyo inayokwenda mbio."

Mwalimu akaushusha mkono wa gauni taratibu, akafunga kifungo. "Andika, Sichana: saa ilifurahi mno. Wanu, lete mkono wako. Tena."

Wanu akautoa, akijua fika kwamba mshipa wake nao ulishaanza kwenda mbio.