Mkaguzi wa Ngolo

Mwaka ninaousema ni ule ambao kahawa ilipanda bei na sisi wa mlimani tukala nguruwe mpaka mbwa wakaanza kuchagua mifupa. Nyumba iliyopika maharage ilifunga mlango isionekane. Mume wangu nyama hakuijali sana, yeye alitaka mafuta. Nilikuwa nayachuja, yanaganda kwenye kopo, naye anayamega kwa kijiko juu ya ugali wa moto, anayatazama yakiyeyuka kama anayetazama mjukuu akitembea mara ya kwanza.

Mimi ni wa ziwani, nimezaliwa Liuli, nimekua kwa samaki wa kuchemsha. Nikamwambia, "Mzee, wewe hukuoa mke, umeoa kopo." Akacheka, akawasha msokoto wake wa tumbaku.

Mwaka huohuo akaanza kazi mpya. Akipanda kutoka shambani, anasimama ghafla kwenye shamba la mtu, mikono nyuma, anaangalia ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Anaangalia weee, anatikisa kichwa, anaendelea. Mbele kidogo anasimama tena. Watu wakaingiwa na hofu. Jirani mmoja alizichimba upya ngolo zake zote, kisha akaja kuniuliza, "Mama, sasa mzee anasemaje?" Mzee hakusema kitu. Na mimi nikajivuna, nikaona nimeolewa na bwana shamba asiye na cheti.

Tukashuka Liuli kwenye harusi ya mpwa wangu. Tunatembea ufukweni, akasimama. Mikono nyuma, kichwa kinatikisika. Nikatazama kulia, maji. Kushoto, mchanga mtupu.

"Unakagua nini hapa?"

Akaendelea kutikisa kichwa.

"Mzee, nimekuuliza."

"Kigimbi cha mguu kinabana," akasema. "Nikisimama kinaachia."

Nikamshika mkono mpaka hospitali. Daktari, binti aliyeletwa kazini kutoka mkoa wa mbali, akamwamkia, akamfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, halafu kwenye kifundo cha mguu. Mkononi damu ilikwenda vizuri. Mguuni ilifika kwa kunung'unika.

Akatueleza taratibu. Mshipa wa damu wenye afya hutanuka na kunywea kila moyo unapopiga. Mafuta mabaya hujipenyeza kwenye ukuta wake miaka mingi, bila maumivu. Moshi wa tumbaku na presha vinauchubua, palipochubuka panaota gamba, gamba linakakamaa. Mwisho unabaki na kitu kama kamba ya ngozi iliyosahauliwa juani, na njia ya ndani imekuwa nyembamba. Ukipanda mlima mguu unaomba damu nyingi, haupati, ndipo unalia.

"Si ninywe maji ya moto, yayeyuke?" mzee akauliza.

"Babu, ungekuwa sufuria ningekusugua mwenyewe."

Nilicheka. Kisha akasema mishipa ya moyo na ya kichwa ni ya ukoo huohuo, na kwamba kidonda kidogo cha jembe kwenye mguu ule kinaweza kukataa kupona mpaka mguu ukatwe. Hapo sikucheka. Mlima wetu haupandwi kwa mguu mmoja.

Dawa akapewa, tumbaku akakatazwa, akaambiwa atembee kila siku mpaka maumivu yaanze, apumzike, atembee tena. La kopo la mafuta niliachiwa mimi nilikomeshe.

Siku tuliyorudi alikaa mbele ya ugali na usipa wa kuchemsha, dagaa wa ziwani kwetu, kama mtu aliyefiwa.

"Kaanga basi, bibi."

"Sikukaangii, hata ulie."

Dada yake akaja kunisema kwamba namtesa kaka yake kwa dagaa. Nikampa sahani ya usipa uleule. Alikula, akaongeza, akaaga bila kumalizia kesi.

Juzi, sikukuu ya parokia, mzee aliingia jasho linamtoka, mkononi kifurushi cha jani la mgomba. Nilijua ni nguruwe kabla hajakifungua.

"Mguu umepona, bibi. Nimepanda moja kwa moja, sikusimama popote. Kipande hiki tu, tuusherehekee."

Nikautazama mguu. Umesimama mlangoni kwangu, mzima, una vumbi. Siku hizi naupenda kuliko mwenyewe.

"Sikukaangii, hata ulie."