Vita vya Maharage Uani Kwetu

Mtoto wa kaka yangu alipata kazi ya stoo katika ofisi ya mradi mmoja kule Kayanga, mwishoni mwa miaka ya tisini, na ofisini mwao kulikuwa na kompyuta. Jioni wenzake wakishaondoka, jenereta ikiwa bado inanguruma, alikuwa anacheza vita humo ndani. Siku moja nilimpitia nikitoka sokoni, nikakaa juu ya gunia nikamtazama. Askari wake walikuwa wadogo kama sisimizi, tena walikuwa wanachoka. Risasi ziliwaishia. Aliyepigwa mguu alitambaa, na aliyekufa alikufa, hakuna cha kumfufua. Akaharibu mambo nikiwa hapo hapo, akapoteza karibu watu wote, akabaki ameshika kichwa.

Nikamwambia, "Sasa raha iko wapi? Si bora ungekaa ukacheza bao?"

"Huu ni mzuri kwa sababu hauna huruma, shangazi," akasema. "Michezo mingine ukikosea unarudia. Huu ukikosea, umekosea. Halafu kila mmoja wao nampenda, maana najua akienda ndiyo basi." Akanitazama kwa kunionea huruma, akaongeza kwamba ni mambo magumu kidogo kumweleza mtu.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na hakuna kinachoziwasha upesi kama kijana anayenionea huruma. Nikamwambia mchezo wake nimeucheza kabla hajazaliwa, na aliyeziweka sheria zake ni baba yake mzazi. Akacheka, akadhani namtania. Basi nikasogeza gunia langu karibu na meza, nikamsimulia.

Vita na Uganda vilipoanza, kaka yangu mkubwa aliondoka Nyaishozi pamoja na vijana wengine wa mgambo. Kwenye lori alikaa ubavu kwa ubavu na mtoto wa shangazi yetu, dada yake baba, ambaye shamba lake la migomba lilipakana na letu. Shangazi alikuwa mjane, na huyo ndiye mtoto aliyejaliwa, hana mwingine. Kaka alirudi mwaka uliofuata, msimu wa kuvuna kahawa, mkono wake wa kushoto ukiwa haukunjiki. Mtoto wa shangazi hakurudi.

Shangazi alifika siku hiyo hiyo. Kaka akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza jambo moja tu: mwenzako yuko wapi? Kaka akasema walitenganishwa mtoni, zaidi ya hapo hajui. Alijibu hivyo kila alipoulizwa, na kila mara alitazama pembeni. Hakuna taarifa iliyokuja kutoka kokote.

Shangazi akabaki katikati. Kulia hawezi, hajaambiwa. Kufurahi hawezi, hajamwona. Kwetu mtu akifa, nyasi zinatandikwa ndani, majirani wanakuja kulala na wafiwa, na hakuna anayegusa jembe mpaka siku za matanga ziishe. Lakini nani amwekee matanga mtu ambaye huenda yuko njiani anarudi? Kwa hiyo shangazi aliendelea kulima peke yake, akaendelea kupika ndizi za watu wawili, za mmoja anazifunikia jani. Mama alimwona akifanya hivyo akarudi nyumbani amenuna, akamwambia kaka kuna kitu anakificha. Kaka akatoka nje.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kulinda kahawa iliyoanikwa uani, mbuzi na kuku wasiikaribie. Mimi na wadogo zangu wawili wa kiume tulikuwa tunacheza vita, na sidhani kama kulikuwa na mtoto Karagwe mwaka ule ambaye hakucheza. Mwanzoni tulikimbizana na vijiti. Umekufa! Sijafa! Umekufa, nimekuona! Ilikuwa ni kelele tupu, na mwenye mdomo mkubwa ndiye aliyeshinda. Mdomo ninao, Mungu hakuninyima, lakini kila nikishinda nilihisi nimeshinda ubishi tu. Mama alipochoka kuona kahawa yake ikikanyagwa, akatupiga marufuku kukimbia. Ndipo tukahamia kwenye maharage.

Maharage ya mama yalikuwa ya mchanganyiko: mekundu, meusi, ya njano, ya madoadoa, na hata ukitafuta sana hupati mawili yenye madoa sawa. Kila moja likawa mtu. Tukachonga milima kwa udongo, tukachora mto kwa majivu. Kupigana kulikuwa kwa kurusha punje tatu za buni tulizozibangua wenyewe. Punje ya buni ina upande bapa na upande wa mviringo. Zote zikianguka bapa juu, umempiga adui. Aliyepigwa alikaa pembeni kidogo, kisha akarudi vitani mzima kabisa. Ulikuwa bado mchezo wa kitoto.

Kaka alikuwa anakaa barazani kutwa, hasemi na mtu. Siku moja mdogo wangu alimrudisha mtu wake aliyepigwa, akampandisha mlima moja kwa moja.

"Huyo hapandi," kaka akasema kutoka barazani. "Amepigwa. Anabebwa, tena na watu wawili."

Tukashtuka. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile. Na aliyasema kwa Kiswahili, Kiswahili kikavu cha jeshini, wakati nyumbani kwetu ni Kinyambo kuanzia asubuhi hadi kulala.

Kuanzia hapo akasogea uani. Kila siku alikuwa na sheria mpya. Kila mtu abebe punje za mtama, ndicho chakula chake, na kila kukicha anakula moja. Zikiisha, haendi popote. Mwenzako akianguka karibu nawe, unarusha buni kuona kama umeogopa, na ukiogopa unalala chini, hata mkubwa wako akisema nini husikii. Mvua ikinyesha, na mvua ilikuwa kikombe cha maji alichokimwaga mwenyewe bila kutuonya, barabara inakuwa tope na mizigo inakwama. Majeruhi anarushiwa buni kila asubuhi kuona kama ameamka. Akifa, amekufa. Lile harage linarudi kwenye chungu cha mama, na mama analipika.

Wadogo zangu walinung'unika. Mimi nilinaswa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana ni sheria za kumkera mtu. Nadhani ni kwa sababu kwa mara ya kwanza kelele zangu hazikunisaidia kitu. Tope halibishiki. Ukiwapeleka watu mbali bila mtama wa kuwarudisha, unaweza kulia mpaka kesho, watakaa huko huko. Nilianza kufikiri kabla ya kusogeza mkono, jambo ambalo mama alikuwa amenihimiza kwa fimbo miaka yote bila mafanikio. Na jambo la pili: niliwajua watu wangu. Nilikuwa na mmoja wa njano mwenye ufa mgongoni, aliogopa kila mara, na nilimpenda huyo kuliko mashujaa wote kwa sababu alikuwa kama mimi. Siku alipokufa sikula maharage jioni. Mama akafikiri naumwa.

Kulikuwa na sheria moja tu iliyonishinda. Kaka alisema mtu mmoja anaweza kumbeba majeruhi peke yake, lakini anakwenda hatua moja kwa siku, na mtama wake anamlisha yule anayembeba.

"Sasa nani mjinga wa kufanya hivyo?" nikauliza. "Wanakufa wote wawili."

 Kaka aliokota kijiti akaanza kuuchora mto upya, ingawa haukuwa umefutika.

Shangazi alikuwa anakuja kwa mama mchana kuchambua maharage kwenye ungo, wakipiga soga. Alituona, mwanzoni akatupuuza. Halafu akaisikia sauti ya kaka, akasikia anavyosema: mtu akivuka mto analowa, na aliyelowa anarushiwa buni mara mbili. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kesho yake alikaa karibu zaidi, na keshokutwa akakaa chini pamoja nasi, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Mama akamwita aje jikoni, hakuitika. Kumbe alikuwa ameelewa kitu ambacho sisi hatukukielewa. Kaka alikuwa hazungumzi juu ya vita na mtu yeyote, ila sheria za mchezo alikuwa anazisema zote.

Siku hiyo kahawa ilikuwa imekauka vizuri, inalia ukiigeuza. Shangazi aliuangalia mchezo muda mrefu, kisha akauliza, bila kuinua macho, "Hiyo sheria yako ya mtu mmoja kumbeba mwenzake. Wanafika?"

"Inategemea buni zinavyoanguka, shangazi."

Akachagua harage moja kutoka kwenye ungo wake, jeupe lenye doa jekundu, akaliweka kando ya mto wa majivu. "Huyu wangu. Ameumia. Mpe mtu wa kumbeba."

Wadogo zangu wakaanza kupinga kwamba zamu si yake. Nikawafinya wakanyamaza.

 Kaka akaokota harage jeusi, akaliweka ubavuni mwa lile jeupe. Akaanza kuyasogeza kwa mkono wake mzima, hatua moja, halafu anasema "kumekucha," anatoa punje ya mtama kwa jeusi na kuiweka kwa jeupe, anarusha buni. Ameamka. Hatua nyingine. Kumekucha. Ameamka. Wakauacha mto, wakaufikia mlima. Sikuona sababu ya kupanda pale, njia rahisi ilikuwa pembeni, lakini kaka aliwapandisha mlima kama mtu asiye na njia nyingine. Mtama ukapungua mpaka ukaisha.

"Kumekucha," akasema, akakusanya buni kiganjani, akainua mkono.

Mkono ukakaa juu. Nikaona machozi yake, na nikaogopa, maana sikuwahi kumwona kaka akilia, hata alipokuwa anafungwa kidonda.

Shangazi akaushika ule mkono, akaufunga vidole juu ya buni. "Usirushe," akasema. "Hizi umeshazirusha peke yako tangu urudi. Niambie tu zilivyoanguka."

Kaka akamjibu kwa Kinyambo. Kinyambo hakuwahi kukitumia kwa habari za vita hata siku moja. Akasema alimbeba baada ya mto, mgongoni, na mkono wake ukiwa tayari umepigwa. Akasema pale mlimani alimshusha apumzike kidogo, kidogo tu, na alipogeuka kumwinua akakuta ameshaondoka. Akamzika hapo hapo kwa mkono mmoja. "Nilimshusha, shangazi," akawa anarudia. "Nisingemshusha. Ningekuja kukuambia nini? Mimi ndiye niliyemshusha."

Shangazi hakulia. Alikaa ameushika mkono wa kaka, na mimi nikabaki nimezishika nguo za wadogo zangu kana kwamba watakimbia. Kisha akauliza, "Alikuwa na njaa?"

"Hapana. Alikula chakula changu."

Shangazi akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akaokota harage jeupe, akaokota na jeusi, akayafunga yote mawili kwenye pindo la kanga yake, fundo moja. Ndipo akageuka upande wa jikoni, akamwita mama kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wifi," akasema, "leteni nyasi."

Nilipofika hapo, mtoto wa kaka akanyoosha mkono akaizima kompyuta. Akaniuliza kama baba yake anajua kwamba najua. Nikamwambia nilikuwa nimekaa pale pale uani, ningekosaje kujua? Akasema yeye hajawahi kuambiwa. Nikamwambia sasa ameambiwa.

Matanga yaliwekwa kwa shangazi. Majembe yalilala nyumba zote za jirani, hata kahawa yetu aliyekuja kuianua ni mtu wa mbali. Kaka alilala kule kwenye nyasi siku zote za matanga, na usiku wa kwanza, mama alituambia, alilala fofofo kama mtoto, shangazi akawa anawafukuza watu waliotaka kumwamsha ale. Yalipoisha, shangazi aliacha kupika ndizi za watu wawili. Halafu baada ya muda akaanza tena, maana kaka alihamia kwake kumsaidia shamba, na huko ndiko alikooa.

Sisi tuliogopa kuurudia mchezo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetuuliza mbona tumeuacha. Alikuja na ungo wake, akakaa, akasema tuendelee, ila na yeye ana sheria moja. Kabla hujamtoa mtu uwanjani na kumrudisha chunguni, lazima useme kwa sauti ni mtoto wa nani, nyumbani kwao wapi, na nani atakwenda kuwaambia.

Ilitubidi tuanze upya, kumpa kila harage mama yake na kijiji chake. Wa kwangu wengi niliwatoa Ihanda, kwa sababu nilikuwa nakujua. Mchezo ulisimama kila dakika. Mdogo wangu wa mwisho akachoka, akatupa buni chini, akasema hii sheria ya shangazi inachelewesha vita.

Kaka alikuwa ameinama anawapangia watu wake mtama. Akasema ndiyo, inachelewesha.