Mso wa Tambarare

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kilema, juu mlimani, siku ya Jumatano, na ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza ulikuwa Jumapili. Alikuja kwa basi na madebe mawili ya ndizi alizokwisha kuzipika na kuzichachusha kwake, na mfuko wa unga wa kimea cha ulezi. Kazi iliyobaki ilikuwa kupika mso, yaani uji wa kile kimea unaochanganywa na maji ya ndizi ili iwe mbege, pombe ya Wachaga.

Mimi sikuwa Mchaga. Nilitoka Singida, na mume wangu nilikutana naye huku tambarare, kwenye kiwanda cha sukari ambacho tunaishi kambini kwake, yeye fundi wa mitambo, mimi msaidizi wa maabara. Mbege nilikuwa nimeinywa mara mbili tu. Kuipika sikujua hata pa kuanzia, na mbele ya mama mkwe jambo hilo lilinipa aibu.

Alhamisi alikoroga unga kwenye maji ya uvuguvugu, akafunika sufuria. Alisema baada ya muda uji ungelegea wenyewe na kuwa mtamu, ndipo auchemshe. Tulipofunua, ulikuwa mzito kama tulivyouacha. Akaonja kwa kidole, akatema.

"Kimea ni kilekile nilichopikia mwezi jana," alisema. "Haya maji mnayachota wapi?"

"Kisimani, mama. Kambi nzima tunachota hapo."

Akajaza kikombe, akanywa polepole huku amefumba macho. "Yana magadi, ndiyo yanauzuia uji kulegea. Nyumbani tunachota mfereji unaotoka mlimani. Maji yake hayana ladha yoyote."

Hapo mimi nikachangamka. Maabara tulikuwa na vikaratasi vya kupimia uchachu: ukikichovya kwenye kitu kichachu kinageuka chekundu, kwenye magadi kinakuwa buluu, na katikati kinabaki kijani. Kesho yake nikamwomba mkuu wangu vichache, akanipa kopo lililokuwa karibu kwisha. Maji ya kisima yalikifanya kikaratasi buluu palepale.

Mama mkwe alikishika kile kikaratasi akakigeuza huku na huku. Kisha akataka kupima kila kitu. Alipima maziwa, chai, maji ya majivu, mate yake, hata jasho la shingoni. Alipochovya kwenye maji ya ndizi na kuona wekundu, akacheka kwa sauti. "Hiki nacho kina ulimi!"

Mimi nikajitia ujuzi. Nilisema tuyachemshe maji, magadi yatatulia chini. Tukachemsha, tukayaacha yapoe, tukapima. Buluu ikakolea zaidi.

"Kiwandani mnafanyaje?" aliniuliza, bila kunicheka.

Nikamweleza kwamba maji ya miwa huja yakiwa machachu kidogo, nasi tunayatia chokaa mpaka uchachu upungue, ndipo yanasafishika.

"Basi mimi nataka kinyume chake."

Nikatoa limau. Tukakamulia kwenye maji kidogokidogo, tukipima, mpaka kikaratasi kikawa na rangi ya manjano, kati ya kijani na nyekundu, yaani uchachu kidogo tu. Uji wa majaribio ulilegea kweli. Nilifurahi kama mtoto. Lakini alipoonja alitikisa kichwa. "Umelegea, ila wageni watadhani tumewapa dawa ya mafua."

Mchana huohuo wa Ijumaa akachukua konzi mbili za kimea, akakoroga na maji kidogo ndani ya chungu, akakiweka juani kando ya ukuta. Joto la tambarare si la Kilema. Kufika Jumamosi mchana chungu kilikuwa kinatoa mapovu na harufu kali ya uji uliochacha. Nilichovya kikaratasi, kikawa chekundu. Akaanza kumimina uji ule kwenye sufuria mpya ya kimea, kata moja, akaonja. Kata nyingine, akaonja. Mimi nilikuwa ninapima pembeni bila kusema rangi. Alipoweka kata chini akasema, "Inatosha," nilikuwa nimeshika kikaratasi cha manjano ileile tuliyoipata kwa limau.

Safari hii uji ulilegea, ukawa mtamu. Tukauchemsha, ukapoa, tukauchanganya na maji ya ndizi.

Jumapili baada ya kanisa wazee wa upande wa mume wangu waliketi kivulini. Niliwasalimia shikamoo mmoja mmoja, nikawapa kata. Mkubwa wao alionja, akaonja tena.

"Si ya Kilema," alisema. "Ila ni mbege." Akanirudishia kata nimwongezee.

Mama mkwe aliondoka Jumanne. Mwezi uliofuata nilipika peke yangu. Nilizidisha uji mchachu, mume wangu akanywa nusu kata kwa upendo, iliyobaki nikaimwaga. Ilinichukua mara nne kupata ile iliyowafanya majirani waulize nani amepika.