Kiti cha Mwisho Ukumbini

Pale chuoni fundi seremala anaitwa Mzee Randa, maana hata akisalimia watu randa iko mkononi.

Mwaka huo serikali ikaja na lake: itawalipia karo wanafunzi kwa idadi ya viti vizima ukumbini, wala si mmoja zaidi. Mambo ya wakubwa hayo. Sijui walikaa wapi wakiyapanga, ila viti vyao nina hakika havikuwa na miguu mitatu.

Randa akatengeneza viti mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kikabaki kimoja, kimevunjika mguu, na stoo mbao ngumu zimekwisha. Asubuhi hiyo akaambiwa mkaguzi yuko njiani. Na kati ya wanafunzi waliokosa nafasi, wa kwanza kuitwa nafasi ikipatikana alikuwa binti yake mwenyewe, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki. Kiti kile kikihesabiwa, anaingia. Kisipohesabiwa, basi tena.

Lisilo budi hutendwa. Akakimbia nyumbani, akageuza kiti alichosomea binti tangu shule ya msingi, akaanza kung'oa mguu.

"Baba, si ndicho kiti chetu pekee hicho?"

"Shika huku, mwanangu, tusichelewe."

Gundi ilikuwa haijakauka vizuri mkaguzi alipoingia ukumbini. Mama mnene, hana mzaha, hahesabu kiti bila kukikalia. Randa, ambaye hanyamazi hata akinyolewa, leo anahesabu viti kimoyomoyo. Mama akafika kwenye kiti cha mwisho, akainama.

"Fundi, mguu huu mbona rangi yake mbali?"

"Mbao nzuri hiyo, mama. Imekaliwa miaka."

"Na nani?"

Angeweza kudanganya. "Na binti yangu. Anasubiri nafasi hii hii."

Mama akamkazia macho. Kisha akakaa kwa uzito wake wote, akaegemea, akajitikisa kushoto na kulia. Kiti kikatoa mlio. Randa akafumba macho.

"Hesabu," mama akamwambia karani wake, akainuka.

Nyumbani Randa alimkuta binti sakafuni, kitabu mapajani.

"Kimeshika, baba?"

"Kimeshika, mwanangu. Unaingia."

Binti akaangua kilio. Randa naye akatafuta pa kukaa, hapakuwepo. Akaketi sakafuni kando yake, wakalia wote wawili.