Miguu Laini ya Baba Hafsa

Mimi mume wangu akibadilisha hata ubavu wa kulalia, najua. Miaka ishirini na sita ya ndoa si mchezo. Kwa hiyo alipoanza kurudi nyumbani na miguu laini, nilijua kuna mtu.

Nasri ni muuza kahawa hapa Tabora. Birika mkono mmoja, ndoo ya vikombe mkono wa pili, anatoka Kanyenye, anapita sokoni, anafika stesheni, anarudi. Kila siku, na makatambuga yake ya tairi. Wao kwao miguu ni jadi: babu wa babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na Nasri hachoki kutusimulia. Nyayo zake zilikuwa na sugu nene zilizopasuka pembeni. Zikimuuma anakaa barazani anazichonga kwa wembe. Mashuka mangapi yamechanika kwa visigino vile! Miaka yote namwambia ajisugue. Asikie? Wapi!

Sasa ghafla sugu zinapungua. Kucha zimekatwa sawasawa. Ananukia mafuta ya mgando. Makatambuga kayatupa, anavaa viatu vya kufunika vidole, tena na soksi! Muuza kahawa na soksi, kwenye jua hili la Oktoba. Nikamuuliza, "Baba Hafsa, nani anakusugua miguu?"

Akacheka. "Vumbi limepungua tu."

Vumbi la Tabora lipungue Oktoba! Damu ikanichemka. Nikaanza kumfikiria Advera wa mgahawa wa stesheni, anavyomchekeachekea. Nikaapa wallahi, nikimkuta naye namwachia nyumba, narudi kwa dada yangu Kwihara, na nyuma sitazami.

Jumatano nikamfuata. Hakwenda stesheni. Aliacha birika kwa fundi cherehani, akaingia ua wa zahanati moja, akazunguka nyuma. Nikasikia maji yanamiminwa, na sauti ya mwanamke: "Usitumie nguvu, Mzee Nasri. Taratibu."

Taratibu! Nikasukuma mlango.

Walikuwa watu sita kwenye benchi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na beseni lake. Nesi kijana, kifuani kaandikwa Getruda, akageuka. "Shikamoo, mama. Na wewe una sukari?"

Hata hiyo shikamoo sikuiitikia. Nilimtazama Nasri, naye anatazama beseni.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na mimi mkeo hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama Hafsa? Tulipomzika baba yako ulisema mbele za watu, mgonjwa mwingine wa sukari hutamuuguza, hata awe nani."

Nilisema. Kweli nilisema. Baba alikatwa mguu, nikamuuguza miaka mitatu peke yangu, nikasema kwa uchovu, na huyu akalibeba neno lile moyoni. Nilishikwa na aibu, nikatamani kutoka. Lakini nitoke niende wapi?

Getruda akanieleza bila haraka. Maji yawe ya vuguvugu, niyapime kwa kiwiko. Sugu zisuguliwe kidogo kidogo kwa jiwe, wembe asiuguse tena. Akaushwe mpaka katikati ya vidole, na hapo katikati mafuta yasipakwe. Viatu visibane, vikung'utwe kabla ya kuvaa. Na nyayo zikaguliwe kila siku.

"Nimkague mimi, kwani yeye hana macho?" Kiburi kilikuwa bado kinanisumbua.

"Mshike tu, mama," nesi akasema.

Nikapiga magoti. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa beseni. Nikakiminya kisigino kwa kidole gumba, kwa hasira zangu zote za mwezi mzima. Nasri alikuwa ameelekeza uso ukutani, anaona haya mbele ya wale watu.

"Shika basi, Mama Hafsa," akasema. "Unaogopa nini?"

Nilipoondoa kidole, ukucha wangu ulikuwa umeacha alama.