Jani Linalong'oka na Ala Yake

Mimi sina moyo wa Bernadeta. Ningekuwa mimi, kule Kigongo pangechimbika. Lakini bwawa lilikuwa lake, na Suzana alikuwa dada yake wa kujichagulia, kwa hiyo nilijitahidi kufunga mdomo, kazi ambayo majirani zangu hapa Buhongwa wanajua siiwezi.

Bernadeta, jirani yangu, aliacha genge lake la nyanya Mabatini akachimba bwawa nyuma ya nyumba, akuze vifaranga vya sato na kuwauzia wafugaji. Watu walimcheka. Aliyemshika mkono ni Suzana, mama wa Kigongo aliyekuwa kwenye kazi hiyo miaka mingi. Alimfundisha kulisha, kubadilisha maji, na zaidi ya yote, majani. Vifaranga wasipokuwa na majani ya kujifichia ndani ya maji, wanaliwa na ndege, wanaliwa hata na samaki wenzao. Ila kule ukingoni mwa ziwa kuna majani ya aina mbili yanayofanana kama mapacha, yote membamba kama nyuzi, yote yanaota chini ya maji. Suzana aliyapa majina: mpole na mkaidi. Mpole anatulia pale ulipompanda. Mkaidi ana vinundu chini ya tope, vidogo kama choroko. Ukimng'oa, vinundu vinabaki, naye anarudi na ukoo mzima, anajaza bwawa mpaka samaki wanakosa hewa.

Kuwatofautisha kwa macho ni kujidanganya. Suzana alikuwa anafumba kabisa. Anashika jani pale linapoungana na shina, analivuta taratibu. Likitoka peke yake, kijiganda chake kikabaki kwenye shina, huyo ni mpole. Likitoka na ala yake, yaani kile kijiganda kinachokumbatia shina, kama jani la muhindi, huyo ni mkaidi, anatupwa. Bernadeta alijifunza mpaka vidole vikawa vinafanya vyenyewe.

Mwaka huu alisafisha bwawa lote ili aanze upya, malaria ikamkamata. Suzana alisikia, akapiga simu. "Mdogo wangu, wewe pumzika. Mbegu ya majani nitaleta mimi, na kupanda nitapanda mwenyewe."

Alikuja na ndoo mbili, akavua viatu, akaingia kwenye maji. Bernadeta hakukagua hata jani moja. Aliyekufundisha kupima, utampimaje? Kwetu hilo ni tusi.

Mvua zilipoisha bwawa lilikuwa kijani kibichi, huoni maji. Asubuhi moja vifaranga walikuwa juu wanahema. Kesho yake walielea, matumbo meupe juu, mimi na Bernadeta tukawa tunawachota kwa beseni. Alivuta jani moja, likatoka na ala yake. Akachimba tope, akaibuka na vinundu kiganjani.

"Amekosea tu," aliniambia. "Dada ni mtu mzima sasa, macho yanachoka."

"Macho? Tangu lini Suzana akatumia macho?"

Nilitamani niyarudishe maneno yale mdomoni. Uso wake ulibadilika pale pale. Samaki waliokufa hawakumsumbua tena; alichotaka kujua ni kama dada yake alikosea, au alikusudia.

Tukaenda Kigongo na mashina machache kwenye kindoo. Suzana alitupokea kwa furaha, akaitikia shikamoo zetu, akatuwekea viti. Bernadeta alimweleza kuhusu samaki, hakumlaumu kwa lolote.

"Maskini, pole jamani!" Suzana alishika kifua. "Basi nitakuwa nilichanganya mbegu. Hata sisi wa zamani tunakosea, mdogo wangu, yale majani ni..."

Alipokuwa anaongea, Bernadeta alimwekea shina moja kiganjani. Suzana hakulitazama. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye maungio, vikavuta, jani likatoka na ala yake, akalitupa nyuma yake kabla hajamaliza sentensi.

Sote watatu tulilitazama lile jani pale chini.

"Wateja wa Busisi wanavuka ziwa, wanapita mlangoni kwangu, wanakwenda kwako," alisema mwishowe, sauti si ile tena. "Kwa kazi niliyokufundisha mimi. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeniambia, dada. Ningewarudisha kwako."

Na angewarudisha, namjua. Hilo ndilo lililonichoma, nikafungua mdomo nimpe Suzana vidonge vyake, Bernadeta akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Siku ile uko bwawani," alimwambia, "mimi nilijikongoja na homa yangu mpaka jikoni, nikakuchinjia kuku. Ukatoka, ukanawa lile tope, ukakaa ukala. Ukanishukuru."