Niliomba Kupiga Mikono Tu

Mume wangu alipohamishiwa ofisi ya mkoa, Bariadi, niliacha kazi yangu ya ukarani Tanga nikamfuata. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa naingia mji ambao hata salamu zake sikuzijua. Miezi ya kwanza nilifagia nyumba mara tatu kwa siku, nikapanga vyombo, nikavipangua, nikavipanga tena. Sikuzoea kukaa.

Mama mkwe wangu aliishi kijijini, njia ya kwenda Maswa. Kila tulipomtembelea alitufungia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Ukivichemsha ukaviunga kwa karanga za kusaga, husikii tena hamu ya wali. Niliwatumia dada zangu Tanga, wakaomba tena. Ndipo nilipopata wazo la kufungua ukurasa mtandaoni niviuze.

Nilisoma ushauri wa kila aina. Wote ulisema usipitishe siku bila kuweka kitu. Basi nikaweka: michembe kwenye sahani, michembe kwenye ungo, michembe kwenye bakuli la bluu. Nikafungua na blogu, nikaandika makala ndefu za mapishi ambazo nadhani msomaji wake nilikuwa mimi mwenyewe. Nilisonga ugali kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kila dakika chache nilichungulia, na kila mara nilikuta walioupenda ukurasa ni wale wale, dada zangu na shemeji mmoja.

Kisha nikasoma kwamba wateja hawavutiwi na chakula kitupu, wanataka kumwona anayekitengeneza. Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda kijijini.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia, mayu likiwa ni mama. Kisukuma changu kiliishia karibu hapo.

"Mwangaluka, ng'winga." Aliniita bibi harusi ingawa ndoa yetu ilikuwa na miaka kadhaa.

Nikamweleza shida yangu. Akanitazama.

"Unataka kunipiga mimi?"

"Mikono tu, mayu. Watu waone unavyokata."

Akaigeuza mikono yake, akaifuta kwenye kanga. "Mikono, sawa. Vingine hapana."

Alikaa kwenye jiwe bapa analoanikia, karai la viazi pembeni. Kisu kilikwenda haraka, vipande vikaanguka vyote vya unene mmoja kama vimepimwa. Nilianza karibu, mikono tu, kama tulivyokubaliana. Lakini kwenye kioo cha simu haikupendeza. Nikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Likaingia jiwe, vikaingia vipande vyeupe vilivyotandazwa, na ikaingia miguu yake, peku, visigino vimepasuka. Uso wake haukuwemo. Nilijiambia kwamba uso ndio alioukataa, ingawa nilikuwa nimemsikia vizuri.

Video ile ilisambaa kuliko nilivyowahi kuota. Oda zikaja kutoka Mwanza, Dodoma, Dar. Karibu kila asubuhi nilikuwa stendi nikikabidhi vifurushi kwa makondakta. Ningepaswa kutulia, lakini ndipo usingizi uliponihama kabisa, kwa sababu nilikuwa nasoma maoni, na maoni hayakuwa ya michembe peke yake.

Jumatatu moja mama mkwe alitokea mlangoni bila taarifa. Mwenzake wa jumuiya alimwonyesha video hiyo baada ya misa. Akakaa kwenye mkeka, chai akaikataa.

"Nisomee wanachosema."

Hakuwahi kufundishwa kusoma. Nikashika simu nikaanza. "Bibi amenikumbusha nyumbani, Malampaka." Akaitikia kwa kichwa. "Naomba kilo mbili, nipo Mwanza." Akaitikia tena. "Mungu ampe maisha marefu."

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka, mayu."

"Kidole chako kimeshuka, mdomo haujasema kitu. Soma hapo."

Nikasoma: "Nilitaka kuagiza, nimeona hiyo miguu nimeghairi." Na la chini yake: "Kwani viazi anakata au anakanyaga?" Yalikuwepo mengine, nikayasoma yote, na sauti yangu ikawa inapungua.

Alikunja miguu, akaifunika kwa kanga. Jambo hilo, la kumwona akiificha miguu yake ndani ya nyumba ya mwanawe, siwezi kulisimulia vizuri hata sasa.

"Uliniambia unapiga mikono."

"Ndiyo, mayu."

"Itoe."

Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikasema, "Lakini ndiyo inayoleta wateja." Nilijisikia nikilisema neno hilo na sikuweza kulirudisha.

"Itoe, ng'winga."

Nikaifuta mbele yake.

Siku ya tatu dada yangu wa Tanga alinitumia video ya kuchekesha. Ilikuwa ni ile ile, imewekwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine, na muziki juu yake. Dada hakuwa ameiona kwenye ukurasa wangu, wala hakujua ni miguu ya nani. Nilimwandikia mwenye ukurasa mara nne, nikabembeleza, nikatishia, hakujibu. Mume wangu nilipomweleza aliuliza swali moja tu: "Mama ulimwomba?" Kisha akatoka nje.

Nilikwenda kijijini kukiri kwamba nimeshindwa kuiondoa. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Na wale walionipenda, nao bado wanayo?"

"Bila shaka wanayo."

Akamaliza kiazi alichoshika, akanipa kisu. "Duka ni lako. Leo jipige wewe."

Niliegemeza simu kwenye ndoo. Nilirekodi nikafuta, nikarekodi nikafuta. Mara tumbo limeonekana, mara uso unang'aa jasho, mara kanga imekaa vibaya. Sikuwahi kujiweka kwenye ukurasa wangu hata mara moja, na sasa nilielewa kwa nini. Vipande vyangu vilikuwa vinene kama sabuni. Yeye alikaa pembeni, miguu yake nje ya kanga. Mwishowe nikaweka moja ilivyo.

Jioni nilikuwa bado sijaondoka. Maoni ya kwanza yalipoingia nilimsomea bila kuruka neno: "Huyu dada hajui kukata. Hivyo vitaoza kabla havijakauka."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Huyo anajua viazi. Mwambie aje anisaidie."

Nilimwandikia hivyo hivyo, na akajibu kwa kuagiza kilo moja.

Ukurasa bado upo. Oda ni chache kuliko za wiki zile, lakini wanaoagiza hurudi. Blogu nayo sasa inasomwa kidogo, kwa kuwa mapishi ananisimulia yeye na mimi naandika anavyosema. Kabla ya kuweka chochote namwonyesha kwanza. Wiki iliyopita alikataa picha tatu mfululizo bila kunipa sababu, na mimi, niliyekuwa siwezi kukaa dakika mbili bila kuchungulia simu, nikaiacha siku ipite bila kuweka kitu. Nilichungulia tu mara saba au nane.